Maisha ya Mchungaji Bodelschwingh

Huko Sinza, katika mji wa Dar es Salaam, iko shule ya msingi iitwayo Sinza Maalum, ambamo hufundishwa watoto wenye ulemavu wa akili. Katika shule za namna hii kufunga vifungo, kunawa mikono, kumwamkia mgeni na kungoja zamu ni masomo kamili, kama hesabu ilivyo somo. Wako wanaouliza kama hayo nayo ni elimu. Tumeona vema kuwajibu kwa kuwasimulia habari za mchungaji mmoja wa zamani, ambaye kazi yake ilifika hata nchi yetu.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa Tecklenburg, Ujerumani, tarehe 6 Machi 1831. Babaye alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia, lakini kijana alijifunza kwanza ukulima, ndipo akasomea uchungaji. Tangu mwaka 1858 alihudumu Paris kati ya Wajerumani maskini waliofagia njia za mji. Baadaye akawa mchungaji wa Dellwig, na huko msiba mkubwa ukampata: mwezi wa Januari 1869, katika muda wa majuma mawili, watoto wake wote wanne walikufa. Mungu akamjalia wengine wanne. Lakini jeraha lile lilimfanya awe mpole kwa kila aliaye.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kusimamia makao ya watu wenye kifafa, yaliyofunguliwa mwaka 1867, nayo yakaitwa Bethel. Wengi wao walikuwa na udhaifu wa akili pia. Watu wa namna hiyo walizoea kufichwa nyumbani, au kupewa sadaka tu. Yeye aliona ya kuwa mtu apewaye chakula pasipo kazi hunyimwa heshima yake. Basi, kila mmoja akapewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake: huyu shambani, huyu katika useremala, na asiyeweza makubwa akachambua stempu za barua zilizokwisha tumika. Wakakaa pamoja na mashemasi na masista mfano wa jamaa moja. Hivyo ndivyo walivyojifunza kuishi na watu, maana adabu haiingii kwa maneno matupu, huingia kwa kukaa pamoja kila siku.

Tangu mwaka 1890 alikuwa pia mmoja wa viongozi wa misheni iliyoanzishwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, ndiyo iliyokuja kuitwa Misheni ya Bethel. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, palipokuwa na makao ya watoto waliokombolewa utumwani, pakafunguliwa mwaka 1904 hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi za mikono zikawa sehemu ya uuguzi wao. Hospitali hiyo ingaliko.

Mzee huyu alifariki Bethel tarehe 2 Aprili 1910.

Basi, ndugu, ikiwa katika mtaa wenu yuko mtoto aliyefungiwa chumbani kwa sababu ya aibu, waendeeni wazazi wake kwa upole, mkawaonyeshe njia ya shule. Na akija ibadani, mpeni kazi: hata kupanga vitabu vya nyimbo. Siku atakapomwamkia jirani kwa mkono wake mwenyewe, tutajua ya kuwa amefundishwa elimu iliyo kweli.