Henry Royce: Fundi wa Ukimya Aliyeacha Ngurumo

Mimi nimekulia Ukonga, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kwa hiyo sikio langu lilifundishwa mapema. Nikiwa darasa la tano niliweza kukaa ndani, mgongo nimeupa dirisha, nikakwambia kinachopita juu ni ATR au ni jeti. Nilipofika chuo nikakuta kumbe ugonjwa huu si wangu peke yangu. Chumbani kwetu hosteli tupo wanne, na wawili wetu hatuponi. Mwaka jana, usiku mmoja tukisubiri matokeo, tulibishana mpaka saa nane: injini gani ya ndege ina sauti tamu kuliko zote?

Mwenzangu alitetea Concorde na injini zake nne za Olympus, zile zilizokuwa zikitikisa vioo vya nyumba. Baadaye akahamia kwenye Dakota, ambayo silinda zake zimepangwa duara kama miale ya jua, nayo hunguruma kwa kukohoakohoa kama mzee anayeamka. Mimi nikatoa simu, nikacheza rekodi ya Spitfire ikipita chini chini. Hata wale wawili wasiojali ndege waliinua vichwa. Injini ile inaitwa Merlin, na kwa wapenzi wengi wa ndege duniani mjadala huishia hapo.

Usiku ule kila mtu alilala isipokuwa mimi. Nilikuwa na sababu mbili za kukosa usingizi. Ya kwanza ni sapu mbili nilizozihisi zinakuja. Ya pili ni ada. Bumu ninalopata halitoshi, na anayeniongezea ni mjomba wangu mwenye mashine ya kusaga unga, ambayo mwezi ule ilikuwa imekufa mota. Basi nikaanza kusoma habari za mtu aliyekuwa nyuma ya ile sauti, nikitafuta tu kitu cha kunipeleka mpaka asubuhi. Nikakuta kwamba baba yake naye alikuwa msagaji unga.

Frederick Henry Royce alizaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, Uingereza, mtoto wa mwisho kati ya watano. Kinu cha baba yake kilishindwa kulipa, familia ikahamia London kutafuta maisha, na Henry alipokuwa na miaka tisa baba akafariki. Mtoto yule akaingia mtaani kuuza magazeti, baadaye akawa anapeleka simu za maandishi nyumba hadi nyumba. Ukijumlisha muda wote aliokaa darasani utotoni, unapata kama mwaka mmoja tu.

Mwaka 1878 shangazi yake alijitolea kumlipia mafunzo ya ufundi katika karakana ya reli mjini Peterborough. Kijana akaingia kwa nguvu zote. Mchana alishika tupa na mashine, usiku alijisomea hesabu na habari za umeme. Baada ya miaka mitatu hela za shangazi zikaisha. Mafunzo yakakatika hapohapo, bila cheti. Nilipofika hapo niliweka simu pembeni kwanza.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Hizi hadithi za matajiri walioacha shule huwa zinatumika vibaya, kana kwamba kukosa ada ni bahati. Kwa Royce haikuwa bahati. Alitembea kutafuta kazi, akapata kibarua cha kutengeneza zana Leeds kwa malipo ya kubangaiza, kisha akaingia kampuni ya umeme London. Pengo la elimu lilimuuma maisha yake yote. Hata alipokuja kupewa cheo cha heshima na mfalme, yeye alijitambulisha kama makanika. Wengine wanaona huo ni unyenyekevu. Mimi naona pia kidonda.

Mwaka 1884, akiwa na akiba ya pauni 20, alifungua karakana Manchester na mwenzake Ernest Claremont. Walianza na vitu vidogo kama kengele za umeme na soketi za taa, wakapanda mpaka jenereta na kreni. Kisha Royce akanunua gari la mtumba kutoka Ufaransa, aina ya Decauville. Lilimkera: lilitetemeka, lilipiga kelele, na kuliwasha ilikuwa shughuli. Wengi wetu tungeongeza sauti ya redio. Yeye alilifungua skrubu moja moja, kisha akaamua kutengeneza la kwake, ambalo lilitembea kwa mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1904.

Hapa ndipo ufundi wake unapoonekana. Kwa Royce kelele ilikuwa ni ushahidi. Gia ikilia, maana yake meno hayakukatwa sawa. Shafti ikitetemeka, uzito wake haujalingana pande zote. Kila mlio ni nguvu inayopotea na chuma kinachojila. Kwa hiyo hakupambana na sauti yenyewe, alipambana na kosa linaloizaa. Mwezi Mei mwaka uleule, Charles Rolls, kijana wa familia ya kitajiri aliyekuwa akiuza magari London, alipanda treni hadi Manchester kukutana naye. Alipolijaribu lile gari lenye silinda mbili tu akashangaa jinsi lilivyotulia, na palepale wakakubaliana kuwa Rolls atauza yote ambayo Royce atatengeneza. Gari lao lililovuma zaidi liliitwa Silver Ghost, yaani mzimu wa rangi ya fedha, kwa sababu lilipita bila kusikika.

Kwa hiyo mtu huyu alijenga jina lake juu ya ukimya. Ndege zilimjia kupitia misiba.

Rolls ndiye aliyekuwa na kichaa cha kuruka. Tarehe 12 Julai 1910 ndege yake ilivunjika angani huko Bournemouth, akafa akiwa na miaka 32. Muda si mrefu Royce naye akaanguka. Miaka ya kufanya kazi usiku na mchana huku akisahau kula ilimlipa kwa ugonjwa mzito wa tumbo. Alifanyiwa upasuaji, na madaktari wakampa miezi tu ya kuishi. Aliishi zaidi ya miaka 20, lakini akatengwa na kiwanda chake, ambacho wakati huo kilikuwa kimehamia Derby. Akawa anakaa pwani, kipindi cha baridi kusini mwa Ufaransa na kipindi cha joto Uingereza, na michoro yake ikawa inasafiri kwenda kiwandani kwa posta.

Kutoka kwenye nyumba hizo za mgonjwa ndiko zilikotoka injini zake za ndege. Vita ya 1914 ilipoanza serikali ilihitaji injini, na Royce akachora Eagle, yenye silinda 12 katika safu mbili zilizopangwa kama herufi V. Mwezi Juni 1919 Alcock na Brown waliruka Atlantiki bila kutua kwa mara ya kwanza, karibu saa 16 angani, wakivutwa na Eagle mbili. Miaka ya baadaye, katika kijiji cha West Wittering, Royce alitembea ufukweni na wahandisi wake akichora mchangani kwa fimbo yake ya kutembelea mawazo ya injini ya mashindano, iliyokuja kuitwa R. Septemba 1931 injini hiyo iliipa Uingereza kombe la Schneider moja kwa moja, na siku chache baadaye ikasukuma ndege ya Supermarine mpaka takriban kilomita 655 kwa saa. Wakati ule hakuna binadamu aliyewahi kukimbia hivyo.

Baada ya hapo ikaanza kazi ya injini mpya ya lita 27, ambayo kampuni iliigharimia kwa pesa zake yenyewe. Royce aliidhinisha mwelekeo wake akiwa amedhoofika sana. Inasimuliwa kuwa hata katika saa zake za mwisho alichora nyuma ya bahasha kifaa cha kuboresha shokapu za gari, akaomba kipelekwe kiwandani. Alifariki tarehe 22 Aprili 1933.

Injini ile iliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Oktoba 1933. Walikuja kuiita Merlin, jina la ndege mdogo wa jamii ya kozi, kwa kuwa kampuni ilikuwa na desturi ya kutumia majina ya ndege wawindaji. Royce alikuwa na miezi sita kaburini. Hakuisikia hata mara moja.

Sasa kwa nini inalia vile? Katika mizunguko miwili ya shafti, silinda zote 12 huwaka mara moja moja, kwa nafasi sawasawa. Maana yake ni milipuko sita kila mzunguko. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, unapata milipuko 300 kwa sekunde, na hapo sikio haliwezi tena kuhesabu. Linasikia noti moja, kama ya ala ya muziki. Sailensa hakuna. Kila silinda inatoa moshi kupitia kibomba kifupi kilichoelekezwa nyuma, ili hata moshi usaidie kuisukuma ndege. Ongeza mluzi wa supachaja inayosindilia hewa ndani, na mvumo wa rafadha, lile pangaboi la mbele. Ule utamu wa noti ni matokeo ya usawa. Ukimya aliokuwa akiutafuta Royce kwenye magari na ngurumo ya Merlin vina mama mmoja: kila kitu kulingana na mwenzake.

Ila tusiipambe mno. Mwaka 1940 sauti ile juu ya kusini mwa Uingereza ilikuwa ya Spitfire na Hurricane, na waliokuwa chini waliisikia kama ulinzi. Miaka mitatu baadaye, watu wa Hamburg waliisikia usiku, injini nne kwenye kila Lancaster, mamia kwa mamia, na maelfu yao hawakuona asubuhi. Noti ni ileile. Kinachobadilika ni mahali uliposimama.

Na sisi huku tuliisikia pia, bila mabomu. Baada ya vita Merlin iliwekwa kwenye ndege za abiria aina ya Argonaut. Usiku wa tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, aliyekuja Kenya akiwa binti mfalme, aliondoka Entebbe akiwa malkia, baba yake akiwa amefariki, na Argonaut ndiyo iliyomrudisha London. Baadaye East African Airways nayo ikawa na Argonaut zake. Lakini sikia hili: ndugu zake Argonaut waliokuwa wakibeba abiria Kanada walilalamikiwa kwa kelele ndani ya ndege, hadi mafundi wakabuni mabomba ya kuvusha moshi upande wa pili wa injini, mbali na madirisha. Sauti ambayo watu leo wanalipa kiingilio kuisikia, abiria waliokaa nayo kwa saa kumi walitaka inyamaze. Nadhani Royce angekuwa upande wa abiria.

Merlin pia haikuwa kazi yake peke yake, na hili ndilo lililonituliza usiku ule. Ilipowashwa ilikuwa na matatizo chungu nzima, na waliobaki ndio waliohangaika nayo: Hives aliyeendesha kiwanda, Elliott na Rowledge kwenye michoro, kisha Stanley Hooker aliyeongeza nguvu ya supachaja kwa hesabu zake. Marubani waliposukuma pua chini ghafla, mafuta yalikosa mpangilio ndani ya kabureta na injini ikakata. Dawa ya haraka ilitoka kwa mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, kipande kidogo cha chuma chenye tundu, cha kubana mafuta yasifurike. Dada zangu wa kitivo chetu, huyo mkumbukeni. Kinachosikika kwenye simu yangu ni kazi ya watu wengi kupokezana kijiti, na wa kwanza wao hakuwepo kwenye mstari wa kumaliza.

Matokeo yalitoka. Nilipata sapu moja, nikaifanya, sikudisko. Ada ni hadithi nyingine, mpaka naandika haya nadaiwa nusu ya muhula. Likizo nilikwenda kwa mjomba. Mota ilikuwa imerudi lakini mashine ilikuwa na mlio mpya, wa kusaga chuma, ambao yeye alishauzoea. Nilikaa nayo siku nzima. Nikakuta beringi moja imekwisha na shafti imepinda kidogo tu, huwezi kuona kwa jicho. Tulibadilisha beringi, shafti tukaipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Ilipowashwa tena, wanawake waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi waliendelea kupiga soga kwa sauti ya kawaida, hawakugundua lolote. Mjomba alisimama mlangoni akisikiliza, mkono kiunoni. Juu yetu ikapita Dreamliner ya Air Tanzania ikielekea kutua, injini zake zote mbili zina jina la yule mtoto wa msagaji. Mara hii sikuinua kichwa. Nilikuwa nasikiliza mashine.