Caesar avuka bahari

Zamani za kale, mwaka 100 kabla ya kuzaliwa Kristo, Julius Caesar alizaliwa katika mji wa Roma. Alipokuwa mtu mzima akawa jemadari hodari. Alishinda makabila mengi katika nchi ziitwazo leo Ufaransa na Ubelgiji.

Pompeius naye alikuwa jemadari mwenye sifa kubwa. Alimwoa Julia, binti wa Caesar. Lakini Julia akafa, na urafiki wa mkwe na baba mkwe ukaisha. Mwaka 49 vikatokea vita vibaya, Waroma kwa Waroma, ndugu kwa ndugu. Pompeius akaondoka Italia, akavuka bahari, akakusanya jeshi kubwa upande wa Ugiriki.

Caesar akataka kumfuata, lakini merikebu hazikutosha. Katika bandari ya Brundisium akaamuru askari waache mizigo yao, ili watu wengi wapate nafasi. Tarehe 4 Januari mwaka 48 akatweka matanga pamoja na vikosi 7. Bibulus, mkuu wa merikebu za Pompeius, alikuwa na merikebu 110, lakini hazikuwa tayari, wala hakudhani kama mtu atathubutu kusafiri wakati wa dhoruba. Kesho yake wote wakashuka salama katika nchi ya Epirus.

Usiku ule Caesar akarudisha merikebu tupu kuchukua askari waliobaki. Ndipo Bibulus alipopata habari. Akakamata merikebu 30, akazichoma moto pamoja na mabaharia waliokuwamo. Kisha akailinda pwani yote. Hivi jeshi la Caesar likagawanyika: Antonius na vikosi vingine Brundisium, Caesar ng'ambo, na chakula kidogo, na adui wengi.

Siku nyingi zikapita, Antonius haji. Watu wa kale wasimulia ya kwamba Caesar alivaa nguo za mtumwa, akaingia usiku katika mashua, apate kwenda kumleta mwenyewe. Mlangoni mwa mto mawimbi yakawapiga. Nahodha akataka kurudi. Caesar akajitambulisha, akamhimiza asiogope. Wakavuta makasia kwa nguvu zote, lakini maji yakajaa katika mashua, na Caesar akakubali kurudi. Askari wake wakasikitika sana, kwa kuwa hakuwatumaini wao waliokuwa pamoja naye.

Mwishowe upepo wa kusini ukavuma. Antonius akavuka na vikosi 4 na askari 800 wa farasi. Tarehe 9 Agosti, huko Pharsalus, Caesar akamshinda Pompeius. Pompeius akakimbilia Misri, akauawa. Mwaka 44 Caesar naye akauawa mjini Roma. Kati ya waliomwua walikuwamo watu aliokuwa amewasamehe.

Caesar alikuwa shujaa, lakini peke yake hakuiweza bahari. Alishinda wenzake walipofika.

Maulizo
1. Kwa nini askari waliacha mizigo yao?
2. Bibulus aliwatendea nini mabaharia?
3. Kwa nini askari wa Caesar walisikitika?