Kurt Hahn: Mwalimu Aliyewakabidhi Wanafunzi Kazi ya Kweli

Mwalimu aliyepata kuwa mlezi wa chama cha huduma katika shule ya sekondari anaifahamu vyema taabu ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka wanafunzi hujiandikisha kwa wingi. Huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hufanyika safari moja ya kwenda kufagia zahanati au kuwatazama wazee. Kisha chama husinzia mpaka siku atakapokuja mgeni. Vyeo hubaki, huduma hutoweka. Hapo ndipo mlezi hujiuliza kama uongozi wafundishika kweli, au kama anawafundisha vijana kupenda majina ya vyeo tu.

Tumeona yafaa kuwasimulia walimu wenzetu maisha ya mtu mmoja aliyeishughulikia taabu hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Si kila alilolitenda Kurt Hahn lafaa kuigwa, na mahali pa kulisema hilo tutalisema. Hata hivyo, ni walimu wachache waliolijaribu jambo hili kwa bidii kama yake, na ni wachache zaidi walioona mafunzo yao yakipimwa na historia kwa ukali kama ule.

Kuzaliwa na Masomo Yake

Kurt Hahn alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, tarehe 5 Juni, 1886, katika jamaa ya Kiyahudi yenye mali. Baba yake alikuwa na viwanda. Alisoma Berlin, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na baadaye katika vyuo vikuu kadhaa vya Ujerumani. Katika ujana wake, mwaka 1904, alipatwa na madhara makubwa ya jua kali, na tangu hapo hakuweza kuvumilia mwanga mwingi. Maisha yake yote alitembea na kofia yenye ukingo mpana. Ili kupumzika na kupata nafuu, alizoea kwenda Moray, kaskazini mwa Scotland, mahali penye baridi na bahari yenye mawimbi makali. Msomaji alikumbuke jina hilo la Moray, maana tutalirudia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Hahn alirudi kwao. Alipewa kazi ya kuyasoma magazeti ya Kiingereza kwa ajili ya serikali ya Ujerumani. Baadaye akawa mwandishi wa Mwana wa Mfalme Max wa Baden, ambaye mwaka 1918 alikuwa Chansela wa mwisho wa utawala wa kifalme. Nchi ikashindwa vitani. Vijana wengi walikuwa wamekufa, na waliosalia walikuwa wamekata tamaa. Hahn na Max waliamini kuwa ugonjwa wa taifa lao hauwezi kuponywa na siasa peke yake, bali na malezi ya aina nyingine.

Shule ya Salem

Mwaka 1920 walifungua shule katika ngome ya Salem, karibu na Ziwa Constance, katika majengo yaliyokuwa zamani makao ya watawa. Wavulana na wasichana walisoma pamoja, jambo lisilo la kawaida wakati ule. Miongoni mwa kanuni za shule hiyo ilikuwamo moja iliyotaka watoto wa matajiri wakombolewe kutoka katika hisia ya kujiona wamezaliwa kutumikiwa.

Hahn aliamini kuwa ustaarabu wa mashine ulikuwa ukiwadhoofisha vijana. Alihesabu mambo sita yaliyokuwa yakipungua: afya ya mwili, moyo wa kuanzisha jambo, kumbukumbu pamoja na uwezo wa kuwaza, ustadi wa kazi za mikono, nidhamu ya nafsi, na huruma. La mwisho ndilo alilolihofia kuliko yote. Kijana aweza kuwa hodari, mwenye akili na mtiifu, lakini akikosa huruma atakuwa chombo cha hatari.

Njia mojawapo ya Salem yastahili kutazamwa na kila mwalimu. Kila mwanafunzi aliyeonekana kuwa tayari alipewa karatasi ya mazoezi ya kila siku: kukimbia asubuhi, kuoga maji baridi, kutimiza wajibu fulani, na kadhalika. Jioni alijiwekea alama mwenyewe, na hapakuwa na mwalimu wa kumkagua. Aliyetaka kudanganya aliweza. Shabaha ilikuwa kumzoesha kijana kuwa mkweli mahali pasipo na jicho la kumtazama.

Barua ya Mwaka 1932

Mwezi Agosti, 1932, katika kijiji cha Potempa, wafuasi wa chama cha Hitler walimvamia kibarua mmoja Mkomunisti nyumbani kwake usiku, wakamwua mbele ya mama yake. Mahakama iliwahukumu kifo watu watano kati yao. Hitler, ambaye alikuwa bado hajaingia madarakani, aliwapelekea wauaji simu ya maandishi akitangaza kuwa yu pamoja nao.

Wakati huo wako waliosoma Salem waliokuwa wamekwisha kujiunga na vikosi vya chama hicho. Walikuwa vijana wenye nidhamu na nguvu, waliofundishwa kuongoza. Hahn aliona kuwa shule yake imefikishwa mahali pa kupimwa. Aliwaandikia wote waliopata kusoma Salem, akiwataka walio katika vikosi vile wachague: ama wavunje uhusiano na Hitler, ama wavunje uhusiano na Salem. Barua hiyo haikuwapendeza wote. Ilimweka Hahn, ambaye alikuwa Myahudi kwa kuzaliwa, katika hatari iliyo wazi.

Hitler alipokuwa Chansela mwezi Januari, 1933, haikuchukua muda. Mwezi Machi Hahn alikamatwa na kutiwa gerezani. Rafiki zake wa Uingereza walipiga kelele, hata Waziri Mkuu Ramsay MacDonald akaingilia kati, naye akafunguliwa. Mwezi Julai mwaka huo aliihama nchi yake akiwa na umri wa miaka 47, ameiacha shule aliyoijenga mikononi mwa wengine.

Tunalikazia jambo hili kwa sababu linagusa kiini cha malezi ya viongozi. Mafunzo ya uongozi yasiyouliza kijana anamwongoza nani, na kuelekea wapi, yaweza kumtumikia yeyote. Nidhamu iliyofundishwa Salem haikutosha peke yake kuwakinga wanafunzi wote. Hahn alilazimika kulikubali hilo hadharani, na kuanza upya.

Kibanda cha Ulinzi Kando ya Bahari

Alikwenda mahali alipopafahamu tangu ujana, yaani Moray. Huko, mwaka 1934, alifungua shule ya Gordonstoun. Mmoja wa wanafunzi wake wa awali alikuwa Philip, aliyekuja kuwa mume wa Malkia Elizabeth wa Pili. Pwani ile ina dhoruba nyingi, na wavuvi wake walikuwa wakipotea baharini. Hapo Hahn aliipata kazi aliyokuwa akiitafuta. Wanafunzi walijifunza kazi ya ulinzi wa pwani, wakajengewa kibanda juu ya mwinuko unaotazama bahari, na wakawa wakishika zamu wakati wa hali mbaya ya hewa ili kutoa habari chombo kikionekana kupatwa na shida. Baadaye kikaundwa na kikosi cha zimamoto.

Mwalimu aone tofauti iliyopo hapa. Kijana aliyekaa katika kibanda kile usiku wa upepo hakuwa akifanya zoezi. Akilala, yawezekana mtu akafa. Hakuhitaji kuambiwa kuwa uaminifu ni jambo jema, kwa kuwa bahari ilikuwa mbele yake. Wala hakupewa zamu kabla ya kufundishwa: alijifunza alama za vyombo, matumizi ya simu na dalili za hali ya hewa, kwa kipimo kile kile walichopimwa watu wazima. Hahn alifundisha kuwa vijana waweza kuvutwa kwa kushawishiwa, au kwa kulazimishwa, lakini mwito wa kuokoa maisha ya mwenzao huwafikia zaidi ya vyote viwili.

Mashua na Mlima

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya meli ya Lawrence Holt iliona jambo la kushangaza. Meli zilipozamishwa, mabaharia vijana walikufa katika mashua za kuokolea, hali wazee walinusurika. Vijana walikuwa na nguvu za mwili, lakini hawakuwa na moyo wa kustahimili. Mwaka 1941 Hahn na Holt walianzisha huko Aberdovey, Wales, shule ya mafunzo mafupi iliyoitwa Outward Bound.

Mbegu hiyo ilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 ya mwanzo, shule ya namna hiyo ilianzishwa Loitokitok, upande wa Kenya chini ya Mlima Kilimanjaro, na kilele cha mafunzo yake kilikuwa kuupanda mlima huo. Vilevile, beji aliyoibuni Hahn huko Moray mwaka 1936 ilikuwa msingi wa mpango wa tuzo kwa vijana uliotangazwa Uingereza mwaka 1956, ambao hutaka huduma, ustadi, mazoezi na safari. Kenya ilianza mpango wake wa tuzo ya Rais mwaka 1966.

Mwaka 1962, Hahn akiwa na umri wa miaka 76, kilifunguliwa Chuo cha Atlantic katika ngome ya St Donat's, Wales. Shabaha yake ilikuwa kuwakutanisha vijana wa mataifa yaliyopigana. Mkuu wa kwanza wa chuo, Desmond Hoare, alikuwa afisa wa wanamaji. Yeye na wanafunzi walihitaji chombo cha kuwaokolea watu karibu na ufuko wenye mawe, wakatengeneza kwa majaribio mengi mashua yenye sakafu ngumu na ubavu wa mpira uliojazwa upewa. Mashua za aina hiyo sasa zatumika na waokoaji duniani kote. Kutoka chuo hicho ulikua mtandao wa vyuo ambao mwaka 2019 ulikipokea kimoja chenye kampasi zake Moshi na Arusha.

Siku za Mwisho na Lawama Zake

Hahn alirudi Ujerumani katika uzee wake, akafariki karibu na Salem tarehe 14 Desemba, 1974, akiwa na umri wa miaka 88.

Hatuna budi kutaja lawama. Shule zake zilitegemea karo kubwa, na kwa hiyo maskini walioingia humo walikuwa wachache kuliko alivyotamani. Ukali wa maisha yake, kama vile maji ya baridi na mbio za alfajiri, uliwajenga baadhi na kuwaumiza wengine. Aidha, aliwapa wanafunzi wakubwa mamlaka makubwa juu ya wadogo, na mamlaka ya namna hiyo yasipotazamwa hugeuka uonevu. Kila mwalimu aliyekaa katika shule ya bweni anayajua haya.

Tena, kwetu sisi huduma haikuanza na Hahn. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulikwisha kuwataka wanafunzi wafanye kazi wakiwa sehemu ya jamii, si wageni walioishukia. Hahn aliwatafutia kazi watoto waliotengwa nayo. Mtoto wetu anayechota maji na kulima kabla ya kwenda shule ana kazi tayari. Anachokosa mara nyingi ni kuaminiwa.

Mafunzo kwa Mlezi wa Chama

Katika maisha haya tunaokota mambo machache ya kufanyia kazi.

Kwanza, kazi ya chama iwe ile ambayo isipofanyika kuna mtu atakayeumia. Kumsomea barua mzee asiyeona kila Jumamosi kwapita kufagia uwanja siku ya mgeni.

Pili, mafunzo yatangulie huduma. Wanafunzi wanaotoa huduma ya kwanza wafundishwe na mganga, wapimwe, na asiyefaulu arudie. Ni kosa kuwapeleka watoto penye hatari bila maandalizi na kuliita kosa hilo ujasiri.

Tatu, cheo kifuate kazi. Chama kifanye kazi kwa muhula mzima bila mwenyekiti, zamu zikizunguka. Kisha wachaguliwe wale ambao wenzao wamewaona wakifika siku za mvua.

Nne, mlezi awe karibu lakini asishike usukani. Aache daftari la zamu lijazwe na wanafunzi wenyewe, naye aangalie hasa jinsi wakubwa wanavyowatendea wadogo.

Tano, kila baada ya huduma wanafunzi wakae na kuzungumza: nani amesaidiwa, nani amesahauliwa, na je, yule aliyehudumiwa aliulizwa anataka nini? Swali hili ndilo linalofanya nidhamu isiwe ya kumtumikia yeyote atakayeamuru. Hahn alilijua somo hilo mwaka 1932, kwa kuwatazama vijana aliowalea mwenyewe. Nasi tunaowalea wengine yafaa tulifundishe mapema, wangali mikononi mwetu.