Bibi C. J. Walker na Hati za Wasusi

Hapa kwetu Matiri msichana hujifunza kusuka uani, mwenzake akiwa amekaa mkekani mbele ya magoti yake. Hakuna ada wala mtihani, na kwa hiyo wengi wetu hudhani kuwa ususi hauhitaji darasa. Bibi ninayetaka kuwasimulia habari zake hakuona hivyo.

Wazazi wake walimwita Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1867, huko Delta, katika jimbo la Louisiana, Marekani. Wazazi na ndugu zake wakubwa walikuwa watumwa wa shamba la pamba. Yeye ndiye wa kwanza katika nyumba yao kuzaliwa huru. Lakini uhuru ule haukuwa na shibe. Kufikia umri wa miaka 7 alikuwa yatima, akiwa na miaka 14 akaolewa, na alipotimiza miaka 20 alikuwa mjane mwenye binti mdogo.

Akamchukua mtoto wake akaenda St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko alifua nguo za watu miaka mingi kwa ujira mdogo. Tena nywele zikaanza kumnyonyoka. Akajaribu dawa hii na hii; akauza dawa za Bibi Annie Malone, naye mfanya biashara mweusi; mwisho akatengeneza zake. Mwaka 1905 alihamia Denver, na mwaka 1906 akaolewa na Bwana Charles Joseph Walker. Jina hilo ndilo lililoandikwa juu ya makopo yake.

Watu humsifu kwa utajiri. Mimi namsifu kwa shule. Mwaka 1908 alifungua chuo mjini Pittsburgh, akakiita Lelia, jina la binti yake. Wanafunzi walifundishwa kuosha kichwa, kutunza ngozi yake, kupaka mafuta, na kuchana kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto bila kumwunguza mtu. Aliyehitimu alipewa hati. Wakati ule vinyozi wa baadhi ya majimbo walikuwa wamekwisha kuwekewa leseni, kuanzia Minnesota mwaka 1897, lakini wasusi wa kike walikuwa karibu hawana sheria. Basi hati ile ilimtenga msusi aliyefundishwa na yule wa kubahatisha, na kwa mama aliyekuwa dobi ilikuwa njia ya kuliacha beseni la watu.

Mwaka 1912 Bwana Booker T. Washington, mwalimu mkubwa wa watu weusi, alikataa kumpa nafasi ya kusema katika mkutano wa wafanya biashara mjini Chicago. Bibi akasimama akasema hivyo hivyo. Mwaka uliofuata alialikwa kuhutubia!

Alifariki tarehe 25 Mei, 1919, akiwa na miaka 51. Katika miaka ya 1920 Bibi Marjorie Joyner, msimamizi wa shule za Walker, alisaidia kuandika sheria ya kazi hiyo katika jimbo la Illinois. Leo kila jimbo la Marekani linadai leseni, na mengi yanataka saa 1,000 au zaidi za mafunzo, kisha mtihani.

Hapa Tanzania, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ususi na urembo. Na hata yule aliyejifunzia uani aweza kupimwa ujuzi wake, akapewa cheti.