Ludwig Krapf: Mja Hupanga, Mungu Hupangua

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Derendingen, Ujerumani, mwaka 1810. Azma yake ilikuwa kuwahubiria Waoromo kupitia Uhabeshi, lakini alizuiwa kurejea Shoa. Mwaka 1844 akafika Mombasa kutafuta njia nyingine ya kuwafikia. Mwaka huohuo alimzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Badala ya kukata tamaa, aliliona kaburi hilo kuwa dalili kwamba kazi ya Mungu imeanza. Msururu wa misheni aliokusudia kuuvusha bara zima haukukamilika. Hata hivyo, Kiswahili alichojifunza kwa ajili ya Injili kilizaa sarufi mwaka 1850 na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.