As-Suli, bingwa wa sataranji aliyefia mafichoni

Kazi imenileta Bomet, na huku mvua ya alasiri ikikaza hakuna pa kwenda. Hukaa barazani nikacheza sataranji na mtoto wa jirani. Hatua kumi za mwanzo amezikariri kwenye simu. Nikimuuliza mbona amemtoa farasi mapema, hujibu kuwa ndivyo mabingwa wachezavyo. Basi juzi nikamsimulia habari za mtu aliyetaka kujua sababu ya kila hatua.

Abu Bakr Muhammad ibn Yahya as-Suli alikuwa mwanachuoni wa Baghdad, mwenye asili ya Kituruki. Zama za khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia 902 hadi 908, kipenzi cha kasri katika mchezo huu alikuwa al-Mawardi. Walipokutanishwa, khalifa alimshabikia al-Mawardi waziwazi, lakini as-Suli akamshinda pasi na shaka. Jina Mawardi latokana na maji ya waridi. Khalifa akamgeukia kipenzi chake, akamwambia kuwa marashi yake yamekuwa mkojo.

Sataranji ya wakati ule haikuwa na malkia. Palikuwa na waziri, naye alikwenda nyumba moja tu kimshazari. Ndovu aliruka nyumba mbili, na askari hakuruhusiwa kuanza kwa hatua mbili. Majeshi yakichelewa kukutana, hivyo kila mchezaji alipanga kwanza kete zake kwa safu maalumu iliyoitwa taabia. As-Suli alizichambua safu hizo, kujua ipi yafaa dhidi ya ipi. Hata kitabu cha al-Adli, bingwa aliyemtangulia, alikipitia na kukikosoa. Akaacha na fumbo la kete chache, akisema hakuna awezaye kulifumbua ila aliyefundishwa naye. Lilikaa zaidi ya miaka elfu moja, hadi miaka ya 1980 Yuri Averbakh wa Urusi alipoonyesha njia yake.

Nasi wapwani tuna jirani katika habari hii. Al-Masudi, msafiri aliyefika Kanbalu kwenye mwambao wetu mwaka 916, ni miongoni mwa waliotuhifadhia kisa cha as-Suli.

Mwisho wake haukuwa mwema. Ar-Radi, aliyekuwa mwanafunzi wake, alikuwa khalifa mwaka 934, na as-Suli akakaa naye kwa heshima. Ar-Radi alipofariki mwaka 940, milango ya kasri ikafungwa. Baadaye maneno aliyoyasimulia kuhusu Sayyidna Ali yakawaudhi watu, akakimbilia Basra. Huko akafa mafichoni, maskini, mnamo 946.

Kijana akaniuliza: bingwa kama huyo alikosaje kuiona hatua hiyo ikija? Nikamwambia kuwa ubaoni kila mtu ana kete sawa na mwenzake, ila kasrini as-Suli hakuwa na kete hata moja. Kipawa kilimshinda kipenzi cha khalifa, lakini hakikumpa pa kulala uzeeni. Jina lake lilibakizwa na wanafunzi, kama al-Lajlaj, na wanakili waliozihifadhi hatua zake pamoja na sababu zake.

Ndiyo maana nawaomba wazazi na walimu wa kwetu: mtoto akikariri, iwe Kurani, hesabu au sataranji, muulizeni pia kwa nini.

Jana mvua ilinyesha tena. Kijana akashika farasi, akasita, akamrudisha, akasogeza askari kwanza. Nikamuuliza sababu. Alikuwa nayo.