Athanasius: Askofu aliyefukuzwa mara tano kwa kutetea uungu wa Kristo

KILA Jumapili, katika makanisa mengi ya Kikatoliki na ya Kianglikana humu nchini, waumini husimama baada ya mahubiri na kukiri imani yao. Miongoni mwa mambo wanayoyakiri ni kwamba Yesu Kristo si kiumbe, bali ni Mungu sawa na Baba.

Ukiri huo huchukua dakika chache tu na aghalabu hutamkwa kwa mazoea. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ulizua ugomvi uliodumu zaidi ya nusu karne, ukawang'oa maaskofu vitini mwao na kumwaga damu makanisani. Aliyeutetea kwa muda mrefu kuliko wengine wote alikuwa mwana wa Afrika.

Huyo ni Athanasius, askofu wa Alexandria nchini Misri. Alikuwa askofu kwa miaka 45, kuanzia mwaka wa 328 hadi 373. Katika kipindi hicho, takriban miaka 17 aliitumia uhamishoni au mafichoni, baada ya kufukuzwa mara tano na makaisari wanne wa Roma.

Athanasius alizaliwa yapata mwaka wa 298 mjini Alexandria, bandari kubwa iliyosafirisha ngano ya Misri na kusifika kwa elimu. Alikuwa mtoto mdogo Kaisari Diocletian alipoanza kuwatesa Wakristo mwaka wa 303. Makanisa yalibomolewa, vitabu vitakatifu vikachomwa, na mwaka wa 311 askofu wa mji huo, Peter, akauawa.

Mateso yalipokwisha na Wakristo kuruhusiwa kuabudu kwa uhuru mwaka wa 313, kijana huyo alikuwa karibu na Askofu Alexander, ambaye alimlea katika utumishi, akamfanya shemasi na katibu wake. Ni katika nyumba ya askofu huyo alikoushuhudia mzozo ambao ungetawala maisha yake yote.

Fundisho la Arius

Yapata mwaka wa 318, kasisi mmoja wa Alexandria aitwaye Arius, mwenye asili ya Libya, alianza kufundisha kwamba Mungu ni mmoja tu asiye na mwanzo, na kwamba Mwana, hata kama ametukuka kuliko vyote, alikuwa na mwanzo. Kwa maoni yake, Baba alimfanya Mwana kwa hiari yake, kisha akaumba ulimwengu kupitia kwake.

Arius hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa msomi aliyeheshimiwa kwa maisha yake ya kujinyima, na nia yake ilikuwa kuulinda umoja wa Mungu. Alionyesha kwamba Injili zinamtaja Yesu akiona njaa, akilia, na kukiri kwamba hakuijua saa ya mwisho. Je, Mungu anaweza kuona njaa? Je, kuna jambo asilolijua? Mafundisho yake aliyatungia nyimbo, zikaimbwa na mabaharia, wasagaji nafaka na wasafiri.

Kwa Athanasius, hoja hizo ziligusa kiini cha imani. Alishikilia kwamba binadamu ameanguka katika mauti, na kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Ni aliyemuumba mtu tu awezaye kumuumba upya. Iwapo Kristo ni kiumbe, basi wanaobatizwa kwa jina lake bado hawajafikiwa na Mungu mwenyewe, na wanaomwabudu wanaabudu kitu kilichoumbwa. Kuhusu njaa na machozi, alieleza kwamba hayo ni ya mwili ambao Mwana aliutwaa kwa ajili ya watu, wala hayaupunguzi uungu wake.

Baraza la Nikea

Mwaka wa 325, Kaisari Constantine, aliyetaka amani katika milki yake, aliwaita maaskofu katika mji wa Nikea, ambao leo ni Iznik nchini Uturuki. Mapokeo yanataja maaskofu 318, ingawa huenda idadi ilipungua kidogo. Baadhi yao walikuja na makovu ya mateso yaliyotangulia, wakashangaa kumwona kaisari akiketi nao.

Baraza hilo lilimkataa Arius na kuamua kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Neno la Kigiriki lililotumiwa, homoousios, halimo katika Biblia, jambo lililowatia wengi wasiwasi. Hata hivyo, ni maaskofu wawili tu, wote kutoka Libya, waliokataa katakata kutia sahihi. Walifukuzwa pamoja na Arius.

Athanasius alihudhuria akiwa shemasi tu wa kumsaidia Alexander, kwa hivyo hakupiga kura. Wanaosimulia kwamba ndiye aliyeliongoza baraza hilo wanatia chumvi. Kazi yake ilianza baadaye, wakati wengi wa waliotia sahihi walipoanza kujuta.

Alexander alipofariki mwaka wa 328, Athanasius alichaguliwa kumrithi. Wapinzani walilalamika kwamba hakuwa ametimiza umri uliotakiwa. Muda si muda, Constantine alibadili msimamo na kuagiza Arius apokewe tena kanisani. Askofu huyo kijana alikataa.

Mwaka wa 335 alishtakiwa mbele ya baraza la maaskofu mjini Tyre. Alidaiwa kumuua askofu mmoja aitwaye Arsenius na kuukata mkono wake kwa ajili ya uchawi. Shtaka hilo liliporomoka ilipobainika kwamba Arsenius alikuwa hai na mikono yake yote miwili. Lakini kulikuwa na mashtaka mengine, likiwamo la kuvunjwa kwa kikombe cha komunyo cha mpinzani wake, na baraza likamvua cheo.

Si haki kumwona kuwa malaika. Barua iliyoandikwa na mmoja wa wapinzani wake mwaka huo wa 335 juu ya karatasi ya mafunjo, na ambayo imehifadhiwa hadi leo, inaeleza jinsi wafuasi wa Athanasius walivyowapiga na kuwafungia watu wa kundi la Meletius, lililokuwa limejitenga na kanisa la Alexandria. Wanahistoria wengi wa siku hizi hukubali kwamba mkono wake ulikuwa mzito kwa waliompinga.

Baada ya Tyre alikimbilia Konstantinopoli na kumvizia kaisari njiani akiwa juu ya farasi, akaomba kusikilizwa. Maadui zake nao walifika na shtaka jipya: kwamba alitishia kuzuia meli za ngano kutoka Alexandria. Jiji la kaisari lilitegemea ngano hiyo. Constantine, ambaye pengine angesamehe suala la kikombe, hakuwa tayari kusikia tishio la njaa. Alimpeleka Athanasius uhamishoni Trier, mji ulioko Ujerumani ya leo.

Mwaka uliofuata, Arius alifariki ghafla mjini Konstantinopoli alipokuwa karibu kupokewa tena kanisani. Mzozo haukufa naye.

Usiku wa askari

Constantine alifariki mwaka wa 337 na Athanasius akarejea nyumbani. Hata hivyo, Constantius, mwanawe aliyetawala mashariki, aliwaunga mkono waliolipinga neno la Nikea. Mwaka wa 339 askofu huyo alikimbilia Roma, ambako Papa Julius alimpokea, na hakurudi hadi mwaka wa 346. Alipoingia Alexandria, umati ulitoka kumlaki.

Katika vipindi vyake vya utulivu alifanya jambo ambalo athari yake ingali inaonekana Afrika Mashariki. Frumentius, Mkristo aliyepelekwa katika nyumba ya kifalme ya Aksum akiwa kijana, alifika Alexandria kuomba askofu kwa ajili ya waumini wa huko. Athanasius alimweka wakfu yeye mwenyewe. Baadaye Constantius aliwaandikia watawala wa Aksum akitaka Frumentius arudishwe ili imani yake ichunguzwe. Kanisa la Ethiopia halikuifuata njia ya kaisari, na liliendelea kupokea mkuu wake kutoka Misri hadi karne ya 20.

Usiku wa Februari 8, mwaka wa 356, askari walilizingira kanisa la Theonas mjini Alexandria, ambamo waumini walikuwa wakikesha. Athanasius alibaki kitini mwake, akaagiza zaburi isomwe na watu waitikie, kisha waondoke. Askari walivunja milango na kuingia na mapanga. Kwa mujibu wa maelezo yake, alikataa kutoka kabla ya watu wake, hadi watawa na makasisi walipomkokota katikati ya vurugu. Baadhi ya waumini waliuawa.

Kwa miaka sita aliishi jangwani na katika vijiji vya Misri, akihamishwa na watawa kutoka makao hadi makao. Huko ndiko alikoandika baadhi ya vitabu vyake maarufu, kikiwamo kisa cha maisha ya Antony, mtawa wa jangwani, kilichoeneza utawa hadi Ulaya.

Wakati huo karibu kila mtu mashuhuri alikuwa amesalimu amri. Ossius, mzee wa Hispania aliyekuwa mstari wa mbele Nikea, alishinikizwa hadi akatia sahihi ukiri wa upande wa pili mwaka wa 357. Papa Liberius alihamishwa na hatimaye akalegea. Mwaka wa 359 mabaraza mawili yalilazimishwa kukubali kwamba Mwana anafanana na Baba, pasipo kutaja asili.

Hapo ndipo ulipotoka msemo kwamba Athanasius alisimama peke yake dhidi ya dunia nzima. Msemo huo una ukweli, lakini si wote. Asingedumu hata mwezi mmoja lau wakulima, watawa, mabaharia na watu wa kawaida wa Misri hawangemficha na kukataa kusema aliko.

Kusikiliza wenzake

Constantius alipofariki mwaka wa 361, kaisari mpya, Julian, aliruhusu maaskofu wote warejee. Mwaka wa 362 Athanasius aliitisha mkutano Alexandria, na hapo akaonyesha upande wake ambao haukuwa umezoeleka. Kulikuwa na Wakristo waliotofautiana kuhusu msamiati wa Utatu, wengine wakisema kuna nafsi tatu, wengine wakiogopa kwamba kauli hiyo ina maana ya miungu watatu. Badala ya kuwalaani, aliwauliza kila upande ulimaanisha nini. Alipogundua kwamba imani yao ilikuwa moja, aliwakubali wote.

Mtu aliyefukuzwa mara tatu kwa ajili ya neno moja alitambua kwamba kinachotetewa ni maana ya neno, wala si herufi zake. Hatua hiyo ilisaidia kuwaleta pamoja waliokuwa wametawanyika, jambo ambalo ukaidi peke yake haukuwa umefaulu kulifanya.

Julian, aliyekuwa ameuacha Ukristo, hakufurahishwa na askofu aliyeendelea kubatiza watu wake, akamfukuza mwaka huo huo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akikimbia kwa mashua katika Mto Nile, aligeuza mashua na kukutana ana kwa ana na waliomfuata. Walipouliza aliko Athanasius, walijibiwa kwamba hayuko mbali, wakapiga makasia kwa haraka na kumpita.

Julian aliuawa vitani Uajemi mwaka wa 363. Kaisari Valens alimfukuza Athanasius kwa mara ya tano mwaka wa 365, lakini ghadhabu ya wakazi wa Alexandria ilimlazimu kumrudisha baada ya miezi michache. Tangu hapo hakusumbuliwa tena. Mwaka wa 367, katika barua yake ya Pasaka, aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile vilivyomo katika Biblia za leo.

Alifariki Mei 2, mwaka wa 373, akiwa katika mji wake. Hakuona ushindi. Miaka minane baadaye, mwaka wa 381, Baraza la Konstantinopoli liliithibitisha imani ya Nikea na kufafanua zaidi habari za Roho Mtakatifu. Ukiri unaohusishwa na baraza hilo ndio unaotumika makanisani hadi sasa.

Mwaka wa 1973, miaka 1,600 baada ya kifo chake, Papa Paul VI alimkabidhi Papa Shenouda III wa Kanisa la Kikopti masalia ya Athanasius, yakarejeshwa Misri. Makanisa hayo mawili yalikuwa yametengana tangu karne ya tano, lakini yote yanamwita baba yao. Waumini wa Orthodox nchini Kenya nao wako chini ya upatriaki wa Alexandria unaomhesabu miongoni mwa waliokalia kiti hicho.

Swali la Arius nalo halijatoweka. Hadi leo kuna wanaomheshimu Yesu kama Mwana wa Mungu bila kukubali kwamba ni sawa na Mungu, wakiwamo Mashahidi wa Yehova. Kila kizazi cha Wakristo hulazimika kulijibu upya swali hilo. Athanasius aliwaachia jibu ambalo makaisari wanne walishindwa kulizima: kwamba aliyelia na kuona njaa kati ya wanadamu alikuwa Mungu mwenyewe, la sivyo wanadamu bado hawajaokolewa.